Nitrati imepanda kwenye tangi la matumbawe? Anza na hesabu kabla ya dawa

Kama umepima maji ya tangi lako la bahari na kichupa kimetoka chekundu kizito kama juisi ya rozela, tulia kwanza. Usikimbilie dukani kutafuta dawa na usimwage nusu ya maji usiku huohuo. Mi tangi langu liko sebuleni hapa Dar, sentimita 90 kwa 45 kwa 50, ukitoa mawe na mchanga linabaki na maji kama lita 180 hivi pamoja na sampu (lile tangi dogo la vifaa linalokaa chini), na kuna kipindi nitrati ilisoma miligramu 80 kwa lita, na namba zote za nitrati humu ni za kipimo hicho. Matumbawe laini yalikuwa yanafunguka nusunusu, yale magumu yamegeuka kahawia, kamba msafishaji akafa, na kioo ukikifuta leo kesho kutwa kina utando wa kijani tena. Nimeshusha mpaka chini ya 10, imechukua kama miezi minne tangu nilipoanza kuifanya sawasawa, na katika kushuka huko sijapoteza tumbawe hata moja. Ndo nataka nikuelekeze nilivofanya, kwa mpangilio ule ambao ningependa ningeujua tangu wiki ya kwanza.

Kwanza uelewe inatoka wapi, maana ukishaelewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Chakula unachotia asubuhi samaki anakila, anatoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi, na kile kilichobaki kinaanguka nyuma ya mawe kinaoza nacho kinatoa amonia. Kuna bakteria wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na kwenye matangi mengi safari inaishia hapo. Hatua ya mwisho, ya kuigeuza nitrati iwe gesi ya nitrojeni ipotee hewani, inafanywa na bakteria wanaofanya kazi sehemu isiyo na oksijeni, yaani ndani kabisa ya mawe hai (mawe ya baharini yenye vitundu, bakteria wanaishi ndani yake) au chini kabisa ya mchanga mzito, na sehemu hizo kwenye tangi la nyumbani ni chache ukilinganisha na chakula tunachomwaga. Kwa hiyo inajikusanya. Amonia ni sumu ya kuua leo, nitrati haiui namna hiyo, samaki wengi wanaivumilia, ndo maana mtu anakaa nayo mwaka mzima hajui. Wanaoumia ni matumbawe na kamba. Kwenye mwamba wa baharini nitrati kawaida iko chini ya 0.5, tumbawe limezoea hivo, na ndani ya nyama yake kuna vijimwani vidogo vinavyolilisha kwa kutumia mwanga. Ukivimwagia mbolea vinazaliana kupita kiasi na ndo ile rangi ya kahawia unayoiona, lile tumbawe la zambarau ulilolipenda dukani linafanana na kijiti.

Ila usitafute sifuri. Hili naliweka mapema kwa sababu nimeona watu wanaumiza matangi kwa kutaka sifuri. Tangi lenye sifuri ya nitrati na sifuri ya fosfati matumbawe yanapauka yana njaa, na mara nyingi ule utelezi wa kahawia wenye mapovu, dino, unapata nafasi ya kutawala mchanga wote, na kuutoa ni kazi ngumu kuliko hii ya nitrati mara kumi. Lenga kati ya 2 na 10. Kama una matumbawe laini tu hata 15 au 20 yanaishi vizuri, usikose usingizi.

Hakikisha kipimo hakikudanganyi

Kabla hujabadili chochote pima mara mbili. Vile vipimo vya chupa mbili au tatu, kuna chupa moja ambayo dawa yake inatulia chini inaganda, usipoitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima unapata namba ya chini isiyo ya kweli, af mwezi unaofuata ukitikisa vizuri unadhani nitrati imeruka ghafla. Angalia tarehe ya kuisha. Pima na maji safi ya RO, yaani yaliyochujwa na mashine ya utando mwembamba, yasome sifuri, kama hayasomi sifuri kipimo chako kina shida. Soma pia karatasi yake imeandikwaje, kuna vipimo vinatoa nitrati yenyewe na vingine vinatoa nitrojeni iliyomo kwenye nitrati, hiyo ya pili unazidisha kwa 4.4 ndo upate namba ambayo watu wanaizungumzia. Nimekutana na jamaa alikuwa anajisifu ana 8, kumbe kwa hesabu ya kawaida ana 35, na alikuwa anashangaa kwa nini matumbawe yake yamekasirika.

Na kama rangi imefika mwisho wa kadi, 80 au 100, hapo huwezi jua ni 80 au 160 maana macho hayatofautishi nyekundu na nyekundu zaidi. Chukua sirinji, vuta mililita 2 za maji ya tangi, changanya na mililita 8 za maji ya RO, pima huo mchanganyiko, jibu zidisha kwa 5. Mi nilifanya hivo nikapata 16, mara 5 ni 80, nikajua sasa nasimama wapi.

Hesabu ambayo inabadilisha kila kitu

Ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni badili maji. Ni kweli, lakini kubadili maji kuna mpaka wake na mpaka huo unapigika kwa hesabu ya darasa la sita. Nilibadili asilimia 20 kila Jumamosi kwa miezi miwili, bila kukosa, nikategemea nitrati ishuke 64, 51, 41, 33, 26 kama karatasi inavosema. Haikushuka hivo. Mwisho wa miezi miwili bado niko juu ya 60.

Sababu ni hii. Kila wiki tangi linazalisha nitrati mpya, na we kila wiki unatoa asilimia 20 ya iliyopo. Pale ambapo unachotoa kinalingana na kinachoingia, namba inasimama, hata ubadili miaka kumi. Tuseme tangi linapanda 10 kwa wiki na unabadili asilimia 20 kwa maji yasiyo na nitrati kabisa. Ukiwa na 50 Jumamosi asubuhi, unatoa moja ya tano, inabaki 40, wiki inaongeza 10, unarudi 50. Hapo umenasa. Ukibadili asilimia 10 tu, utanasa kwenye 100. Lakini ukipunguza kinachoingia kutoka 10 hadi 5, kwa ubadilishaji uleule wa asilimia 20, unanasa kwenye 25, na ukikifikisha 2 unanasa kwenye 10, yaani umefika. Ndo maana nasema kazi kubwa iko kwenye kuziba kinachoingia, kuchota ni msaada tu.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki ya kwanza ni kupima kasi. Badili maji kama kawaida, subiri saa chache yachanganyike, pima, andika. Siku ya saba kabla hujabadili tena, pima, andika. Tofauti ya hizo namba mbili ndo mzalisho wa tangi lako kwa wiki. Langu lilikuwa 10. Bandika karatasi kwenye mlango wa kabati la tangi, kila badiliko utakalofanya utaliona kwenye hiyo namba, na utajua lipi limesaidia na lipi umepoteza hela.

Maji unayotia

Hapa ndo nilipopigwa na butwaa. Nilikuwa nachanganya chumvi na maji ya kisima, maana yanaonekana safi, matamu, nyumba nzima tunayatumia. Siku moja nikasema ngoja niyapime, yakasoma 20. Kwa mji kama huu wenye vyoo vya shimo na makaro karibu na visima hilo sio la kushangaza, lakini sikuwahi kuwaza. Sasa fikiria: kila wiki natoa lita 36 zenye nitrati naweka lita 36 zenye 20, hizo peke yake zinairudishia tangi 4. Na joto la hapa, feni ikipuliza juu ya maji, lita 3 zinapotea kwa siku, najazia kwa maji yaleyale ya kisima, lita 21 kwa wiki, hapo kuna nyongeza nyingine ya 2 na kitu. Maji yakipanda hewani nitrati haipandi nayo, inabaki. Yaani nilikuwa nasafisha kwa mkono mmoja nachafua kwa mkono mwingine.

Dawa yake ni mashine ya RO, na kama unaweza uongeze lile bomba la mwisho la DI linalonasa madini yaliyobaki, maji yasome sifuri kwenye kipima TDS, yaani kipima madini yaliyoyeyuka. Kama huna uwezo wa mashine kwa sasa, tafuta wanaouza maji ya RO kwa dumu, ila usiamini mdomo, nenda na kipima TDS chako mfukoni, maana maji mengi ya kunywa yanaongezewa madini baada ya kuchujwa. Na hata bomba la mtaa lipime, wakati mwingine liko vizuri wakati mwingine sio.

Sisi wa pwani tuna njia nyingine, kuchota bahari yenyewe, na kwa bei ya chumvi ya kuagiza, ambapo lita 36 zinakula kilo moja na robo na ushee, inavutia sana. Inawezekana ila kuna masharti. Chota maji yakiwa yamejaa, sio yanapotoka, maana yakijaa yanaleta maji ya bahari kuu na yakitoka yanabeba uchafu wa ufukweni. Usichote karibu na mto au mfereji, pale Selander ambapo Msimbazi unamwaga usisogee kabisa. Masika usichote, mvua inashusha chumvi na inasomba kila kitu cha mjini. Mi naenda upande wa Kigamboni mbali na makazi, naleta madumu, nayachuja, nayakalisha gizani wiki mbili na kipampu cha hewa, af napima chumvi kwa rifraktomita iwe 35 na nitrati isiwepo ndo nayatumia. Na ukiwa huko ufukweni chukua maji tu, matumbawe yaache palepale, matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwamba wetu una mizigo yake ya kutosha.

Nilipobadili maji tu, sijagusa kitu kingine, kasi ilishuka kutoka 10 hadi karibu 8. Na zile 4 za kila Jumamosi zikafutika juu yake.

Chakula

Hapa kila mtu anasema mi silishi sana. Nilisema hivohivo. Jaribu hivi: kaa mbele ya tangi na saa, tia chakula chako cha kawaida, hesabu dakika mbili. Baada ya dakika mbili angalia kinachoelea na kinacholala kwenye mchanga, hicho chote ni nitrati ya wiki ijayo. Punguza mpaka dakika mbili zikiisha hakuna kinachobaki. Samaki wazima wanashukuru kula kidogo mara mbili kwa siku kuliko fungu moja kubwa, na siku moja kwa wiki bila chakula haiwadhuru.

Chakula cha kugandishwa kina shida yake, ule mchuzi unaoyeyuka. Mi nanunua kamba wabichi soko la Feri, nawakatakata, nagandisha kwenye vibati vya barafu, na zamani nilikuwa nakiyeyusha kipande kwenye kikombe namwaga chote ndani pamoja na maji yake ya pinki. Siku hizi nakiweka kwenye kichujio cha chai, nakipitisha kwenye maji ya RO mpaka maji yanayotoka yawe meupe, ndo nalisha. Mchuzi ule samaki hawali, unaenda moja kwa moja kwa bakteria na mwani. Nusu dakika tu na ni bure.

Na tuambiane ukweli kuhusu idadi. Kwenye lita 180 nilikuwa na kangaja mkubwa ambaye anakula kama mbuzi, na anatoa kama mbuzi. Nilimpenda sana yule samaki, lakini tangi la sentimita 90 sio nyumba yake, anahitaji sehemu ya kuogelea. Nikampeleka kwa mtu mwenye tangi la mita mbili na namba ikashuka tena. Kama una samaki aliyekuzidi, hakuna kifaa kitakachokusaidia kuliko kumtafutia nyumba kubwa.

Uchafu uliojificha

Fungua kila sehemu ambayo hujaifungua miezi mitatu. Kwenye sampu yangu, nyuma ya kile chumba cha pampu ya kurudisha maji, kulikuwa na kipande cha sponji nilichoweka siku ya kwanza kuzuia mapovu. Nilipokivuta kilitoka na tope jeusi la kahawia, laini kama mrenda, harufu yake mke wangu aliisikia akiwa jikoni. Kile kipande kilikuwa kinapika nitrati usiku na mchana. Sponji, soksi za chujio, pamba, vyote hivi vinakamata chakula na kinyesi, na hilo ndo zuri lake, lakini usipovitoa vikaoshwa kabla havijaoza havina faida yoyote. Soksi inatakiwa ibadilishwe kila siku mbili au tatu. Nina soksi sita, naziloweka zote kwenye ndoo Jumapili, nazisuuza mpaka hakuna hata tone la jiki, nazianika juani. Kama hutaki hiyo kazi afadhali usiweke soksi kabisa.

Kama unatumia chujio la kopo lililofungwa chini ya tangi na mipira ya plastiki ndani, hilo ni kiwanda cha nitrati. Lioshe kila wiki mbili na maji yaleyale ya tangi uliyotoa, na mipira uitoe kidogokidogo wiki hadi wiki kama una mawe hai ya kutosha. Na umeme ukikatika saa nyingi kopo likiwa limesimama, usiliwashe tu, lioshe kwanza, mle ndani oksijeni imeisha na vitu vimeshakufa.

Mawe nayo yanabeba vumbi. Siku ya kubadili maji chukua sirinji kubwa au kipampu kidogo, puliza mawe kila upande, utaona wingu linanyanyuka, acha skima (mashine inayotoa taka kwa povu) na soksi zikamate, ndo uanze kunyonya. Mchanga nyonya robo tu ya eneo kila wiki, usitibue wote siku moja, utaachia taka zote kwa mpigo na amonia inaweza kupanda. Kama mchanga wako ni mzito, sentimita 10 kwenda juu, chini yake usiguse kabisa, ukiona doa jeusi na harufu ya yai viza hiyo ni gesi ya salfa na ikitoka nyingi inaua samaki.

Halafu hesabu konokono na samaki wako. Konokono mmoja mkubwa amekufa nyuma ya jiwe anatosha kuharibu wiki yako.

Skima nitaisema kwa ufupi. Inatoa protini na taka kabla hazijaoza, kwa hiyo inazuia nitrati isizaliwe, haiondoi iliyokwishazaliwa. Osha ile shingo ya kikombe kila siku tatu, mafuta yakijaa pale povu halipandi. Vunja pampu yake kila miezi mitatu uiloweke kwenye siki na maji, chokaa inaziba tundu la hewa. Yangu baada ya kuoshwa ilijaza kikombe kwa siku mbili badala ya wiki, maji ya rangi ya chai ya rangi, mazito.

Hapo kasi yangu ya wiki ilikuwa 4. Sikuwa nimenunua kitu zaidi ya mashine ya RO. Kwa hesabu ile ya juu, 4 kwa wiki na asilimia 20 ya maji inakupeleka kwenye 20, na kweli kufikia mwisho wa mwezi wa tatu tangu nianze kuziba nilikuwa ishirini na kitu inashuka.

Mwani wa kufanya kazi

Watu wa Paje na Jambiani wanalima mwani kwenye maji ya kifundoni bila kuweka mbolea, unakula kilichomo kwenye maji tu. Kanuni ni hiyohiyo. Tenga chumba kimoja kwenye sampu, weka mwani unaoitwa keto, jina lake kamili Chaetomorpha, unafanana na stilwaya ya kusugulia masufuria ila ya kijani, weka taa kali juu yake na mtiririko wa maji unaoubingirisha taratibu. Washa hiyo taa usiku wakati taa ya tangi imezimwa, inasaidia pia pH isishuke sana alfajiri. Ukijaa, vuna theluthi moja au nusu, utupe au umpe mwenzio. Kuvuna ndo kutoa nitrati, mwani ukiuacha ujae mpaka wa chini ukose mwanga unaoza na kurudisha kila kitu ulichokopa. Ule wa Caulerpa wenye majani kama zabibu ni mzuri kwa macho lakini unaweza kuamka siku moja umeachia mbegu zote maji yamekuwa maziwa ya kijani, mi siuweki. Mkoko kwenye sampu unapendeza, lakini unakua taratibu sana, usiutegemee kwa hili.

Kama keto haikui angalia fosfati. Mwani na bakteria wanahitaji vyote viwili. Mtafiti wa bahari Alfred Redfield aliandika kwamba viumbe vidogo vya baharini vina nitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribia 16 kwa 1, na ukiugeuza kwa namba za vipimo vyetu ni kama nitrati 10 kwa fosfati 1. Ukiwa na nitrati 40 na fosfati sifuri, kila kitu kinasimama, nitrati haishuki hata ufanyeje. Kwa hiyo kama unatumia ile dawa ya chembe za chuma ya kuondoa fosfati, ipunguze au uitoe kwanza, acha fosfati iwe kati ya 0.03 na 0.1.

Siki

Hii ni ya mwisho na ni ya mtu mwenye skima inayofanya kazi vizuri. Huna skima, ruka hii sehemu.

Bakteria kwenye tangi wana nitrojeni ya kutosha, wana fosforasi, wanachokosa ni kaboni. Ukiwapa kaboni wanazaliana, wanaingiza nitrati na fosfati mwilini mwao, na skima inawatoa kwenye povu. Wazungu wengi wanatumia vodka, mi kwangu haiingii, natumia siki nyeupe ya asilimia 5, kazi ni ileile, tofauti ni kipimo: mililita 1 ya vodka ya asilimia 40 ni sawa na kama mililita 8 za siki. Iwe nyeupe kabisa isiyo na sukari wala ladha, ile ya kahawia hapana.

Anza na mililita 0.8 kwa kila lita 95 za maji halisi, kwangu ilikuwa 1.5 kwa siku, kwa sirinji ya duka la dawa. Siku tatu hivo. Siku ya nne hadi ya saba mara mbili, yaani 3. Baada ya hapo niliongeza 1.5 kila wiki na kupima kila Jumamosi, nitrati ilipoanza kushuka nikaacha kuongeza, nikakaa palepale. Tia taa zikiwa zimewaka tangu saa chache, sio alfajiri wala usiku, kwa sababu siki inashusha pH kidogo na bakteria wanakula oksijeni, na alfajiri ndo saa ambayo vyote viwili viko chini tayari. Tia sehemu yenye maji yanayokimbia, karibu na skima, sio juu ya tumbawe.

Maji yakiwa na ukungu mweupe umezidisha: acha siki, fungua skima mpaka mwisho, weka kipampu cha hewa, angalia samaki hawahemi juu. Ukiona utando mweupe kama makamasi kwenye mabomba, rudi nyuma hatua moja. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, iwe kati ya 7 na 8.5 kwa kipimo cha dKH, ukiwa na virutubisho vya chini na alkalini ya 11 ncha za matumbawe magumu zinaungua. Na weka betri ya kipampu cha hewa tayari, tangi la siki likikosa umeme usiku linaishiwa oksijeni haraka kuliko la kawaida.

Vya kuacha

Vile vifuko vya kunyonya nitrati vinavyouzwa kwa samaki wa maji baridi, kwenye maji ya chumvi havifanyi kazi ya maana, chumvi yenyewe inajaza nafasi zake. Mashine za salfa zinafanya kazi kweli, lakini zinatoa maji yenye tindikali na zinataka usimamizi, kwa tangi la nyumbani la ukubwa huu sioni sababu. Na usibadilishe asilimia 70 ya maji kwa siku moja ili ufurahie namba. Matumbawe yaliyokaa kwenye 80 mwaka mzima yamejipanga kwa 80, ukiyashusha hadi 10 kwa wiki moja yanapauka na nyama inabanduka kutoka chini. Mi nilijiwekea nisizidi kushuka 5 hadi 10 kwa wiki, na kila badiliko jipya, maji, chakula, mwani, siki, nililipatia wiki mbili peke yake kabla ya kuongeza lingine.

Ukifika 5 au 6 usiendelee kusukuma. Punguza siki hadi nusu ya kipimo kilichokufikisha hapo, endelea kupima kila wiki kwa mwezi mzima. Ikigusa 2, ongeza chakula kidogo kwanza, af punguza saa za taa ya keto kutoka 12 hadi 8, siki ndo uifute kabisa kama bado inashuka. Yale matumbawe yangu ya kahawia yalianza kurudisha zambarau kwenye ncha wiki ya sita baada ya kufika chini ya 10, kidogo tu, upande unaotazama taa.